Akina mama na kutawakali: Lipi letu, lipi la Mola?

Miongoni mwa maneno yasiyokauka midomoni mwetu sisi watu wa pwani, tawakali ni mojawapo. Mtu akianza safari atatawakali, akifungua duka atatawakali, akimwoza bintiye vile vile. Neno hili limepakwa rangi ubavuni mwa mashua na mabasi yaendayo Malindi na Lamu, na sijasikia bado dereva aliyesema kuwa maadamu basi lake laitwa hivyo, hana haja ya kuyatazama magurudumu. Huko barabarani twafahamu sote maana yake. Lakini neno likishavuka kizingiti likaingia jikoni, maana hugeuka. Mama mwenye watoto watano, mkwe mgonjwa, na kazi ya afisi au kibanda cha mahamri akisema kwamba amechoka, ataambiwa, "Tawakali mwanangu, Mungu yupo." Na anayemwambia hivyo aghalabu amekaa.

Nataka kulizungumza jambo hili kwa uwazi, kwa sababu naona limekosewa na pande mbili. Wako wanaolitumia neno hili kumfunga mama mdomo. Wako pia akina mama wenyewe, ambao hulitamka asubuhi na jioni, ilhali mkono wao haujaachia hata kamba moja ya nyumba. Hawa wa pili ni wengi zaidi, nami nitaanza nao.

Tawakali ni neno la Kiarabu, na jamaa zake twawatumia kila siku katika Kiswahili bila ya kuwauliza nasaba yao: wakili, wakala, uwakilishi. (Wakfu, ingawa sauti yake inakaribia, ni wa ukoo mwingine.) Miongoni mwa majina mazuri ya Mwenyezi Mungu ni Al-Wakiil. Basi anayetawakali amemfanya Mola wakili wake. Na kazi ya wakili watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa, maana kesi za mashamba zimetuzeesha. Mwenye kesi humpelekea wakili hati zote alizonazo, humweleza mipaka na mashahidi, na siku ya kesi huenda kortini akakaa. Hayo ni yake. Kusimama mbele ya hakimu na kutoa hoja si kazi yake tena. Akiwa atakesha akizitunga hoja hizo kichwani, na kila asubuhi akaenda kumsumbua karani, kisha akatafuta wakili wa pili kwa siri, tutasema kwamba yule wa kwanza hakumwamini. Na akizifungia hati sandukuni, akalala, akasema wakili atajua mwenyewe, huyo naye tutasema ana upungufu wa akili.

Sasa itazame siku ya mama wa Mombasa. Kabla ya adhana ya alfajiri ameshaamka kukinga maji, kwani mifereji ya mji wetu ina tabia zake, na ikikataa kutoa ni kumngoja mwenye mkokoteni wa mitungi. Unga aliukanda usiku na sasa umeumuka, karai iko motoni. Watoto huamshwa, wa kwanza kwa upole na wa mwisho kwa makelele. Sare hii haikupigwa pasi, soksi moja haionekani, na kuna daftari ambalo mwalimu amesema mzazi atie sahihi. Kuna kundi la wazazi katika simu ambalo halijui usiku wala mchana. Halafu kuna kazi yenyewe, na anayekaa Likoni ana feri yake ya kungoja. Mchana yuko kazini lakini moyo uko nyumbani: mdogo ametoka skuli, nani atamfikisha chuoni, na nani atamchukua? Jioni kuna chakula. Baada ya chakula kuna harusi au hitima au mgonjwa wa kutazamwa, na asipoonekana atasemwa.

Kisha hulala. Mwili ndio unaolala. Kichwa husimama kikahesabu: karo, kodi ya nyumba, presha ya mama yake mzazi, kijana mkubwa ambaye siku hizi hasemi alikokwenda. Nimewahi kuwauliza wenzangu kadhaa wanawaza nini saa sita ya usiku, na majibu yalikuwa hayo hayo. Mmoja alinambia kwamba yeye huwaza kama wifi yake aliiona doa la pazia alipokuja kutembea. Tulicheka sote, lakini sikudhani kuwa ni mzaha.

Maana tukiipekua mizigo hii mmoja mmoja, tutaona kwamba mingine kweli ni amana ya Mungu. Mtoto alishwe, asomeshwe, atibiwe, mzee aangaliwe. Lakini mingine hatukutwikwa na Mungu. Tumetwikwa na watu, au tumejitwika wenyewe kwa kuwaogopa watu. Ramadhani ni ushahidi tosha. Mbaazi za nazi, viazi vya karai, sambusa, katlesi, kaimati, tambi, muhogo, mkate wa sinia, na bado sahani ya jirani haijajazwa. Adhana ya magharibi humkuta mama amesimama mbele ya karai la mafuta, akafuturu tende kwa mkono wenye unga, na tarawehe humpita kwa sababu vyombo havijaoshwa. Ni sharia gani iliyosema futari iwe namna nane? Mama huyu anamwogopa mgeni atakayehesabu sahani, na kumwogopa mgeni ni jambo ambalo halikuhusu tawakali kwa njia yoyote. Mtu hawezi kumkabidhi Mola nyumba yake ikiwa kila siku anaikabidhi kwa macho ya mtaa.

Hadithi ya ngamia kila mtoto wa chuo anaijua, ya yule mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila ya kufungwa na atawakali, akaambiwa amfunge kwanza. Na ya ndege vile vile, wanaotoka asubuhi na matumbo matupu wakarudi jioni wameshiba. Walimu wetu huzitaja mara nyingi, na ni vyema, lakini mifano hiyo ni ya mwenye safari na mtafuta riziki. Kwa mama iko mifano iliyo karibu zaidi, na yenyewe ni ya akina mama.

Wa kwanza ni Bi Hajar. Katika mapokezi ya Bukhari, Nabii Ibrahimu (A.S.) alimpeleka yeye na mwanawe Ismaili bondeni Makka, mahali pasipo na mtu wala maji, akawaachia mfuko wa tende na kiriba cha maji, akageuka kwenda zake. Bi Hajar akamfuata akimuuliza, naye hajibu, mpaka akamuuliza kama ni Mungu aliyemwamuru hivyo. Alipojibiwa kwamba ndivyo, akasema kuwa basi Mungu hatawatupa, akarudi alipokuwa.

Tawakali yake ilitimia hapo. Lakini hadithi haikuishia hapo. Maji yalipokwisha, na mtoto akawa anagaagaa kwa kiu, mama huyu aliyekwisha kumwamini Mola wake hakukaa kungoja. Alipanda Safa akatazama, akashuka, akapiga mbio bondeni, akapanda Marwa akatazama. Mara saba. Kati ya vilima hivyo ni kadiri ya mita 450, kwa hiyo alikwenda zaidi ya kilomita 3 katika jua la Bara Arabu, na mtoto akiwa peke yake chini. Ningependa kila mwanamume aliyewahi kusai Makka, akaona uchovu, akumbuke kuwa anafuata nyayo za mama aliyekuwa akishughulikia mtoto.

Na maji yalitoka wapi? Hayakutoka Safa wala Marwa, huko alikokimbilia. Yalitoka pale alipokuwa mtoto, mahali ambapo mama hakutafuta. Juhudi yake ilikuwa ni wajibu wake, lakini haikuwa ndiyo iliyoleta maji. Akina mama wengi tunakosea papa hapa. Tunadhani kwamba kwa kuwa ni lazima tukimbie, basi chochote kitakachopatikana kitatokana na mbio zetu, na kisipopatikana ni kwa sababu hatukukimbia vya kutosha. Mtoto akifeli mtihani mama hujilaumu. Akipata homa mama hujilaumu. Akifaulu, mama hana wakati wa kufurahi, ameshaanza kuuwaza mtihani wa mwaka ujao.

Kuna kipande cha mwisho cha hadithi hiyo ambacho hakitajwi sana. Bi Hajar alipoyaona maji alianza kuyazungushia kingo kwa mikono yake yasipotee, huku akiteka na kujaza kiriba. Na Mtume (S.A.W.), alipokuwa akisimulia, alimwombea rehema mama wa Ismaili, akasema kwamba lau angaliyaacha, Zamzam ingalikuwa chemchemi yenye kutiririka. Mimi kila nikiisoma habari hii huiona mikono ya kila mama ninayemjua. Neema imeshuka, na bado mkono unataka kuizuia isipotee! Wala hakulaumiwa. Mtu aliyekwisha kuuona uso wa mtoto mwenye kiu, mikono yake haitulii kwa siku moja. Lakini imesemwa wazi kwamba maji yangalikuwa mengi zaidi pasipo kingo, na mama mwenye kumshika mwanawe mpaka akamkosesha pumzi ana haki ya kulifikiri neno hilo.

Wa pili ni mama yake Nabii Musa (A.S.), ambaye Kurani haikumtaja jina. Firauni anachinja watoto wa kiume, naye amejifungua mtoto wa kiume. Katika Sura ya Al-Qasas, amri ya kwanza aliyopewa ilikuwa ni kumnyonyesha. Ya kumtupa mtoni ilifuata, tena ni pale atakapomhofia. Basi titi lilikuwa kazi yake, na mto haukuwa kazi yake. Kabla ya kuachia alitenda lililo katika uwezo wake. Na alipokwisha kuachia, je, moyo wake ulitulia? Kurani yenyewe inatueleza kuwa ulibaki mtupu, na kwamba alikaribia kuitoa siri, lau Mwenyezi Mungu hakuutia nguvu. Kwa hiyo yule jirani anayemwambia mama mwenye hofu kwamba imani yake ni haba, na aisome tena sura hiyo. Hofu aliipata mwanamke aliyefunuliwa na Mungu lile la kufanya.

Kisha alimwambia dada yake Musa amfuatie kwa mbali. Hakwenda mwenyewe. Alimtuma msichana, na msichana akaifanya kazi yake kwa akili hata akawapendekeza watu wa Firauni mnyonyeshaji, na mtoto akarudi kwa mamake. Ni wangapi kati yetu wangemwamini binti yao na jambo kubwa kama hilo? Sisi hata ufunguo wa stoo hatumpi. Tunalalamika kuwa tumeelemewa, lakini binti akishika kisu tunamnyang'anya kwa kuwa anakata vitunguu vinene. Mume akitaka kumwogesha mtoto twasimama mlangoni tukimsahihisha, mpaka akaweka kata chini akaenda zake barazani. Mwachie. Akipika wali ukawa bokoboko, na uliwe hivyo hivyo, hakuna atakayekufa.

Na hapa nageukia upande wa pili, wa wale waliokaa.

Hadithi ya Bi Fatuma husomwa sana kwa wanawake. Binti ya Mtume aliumia mikono kwa kusaga, akaenda kuomba mtumishi kwa babake. Mtume (S.A.W.) alikwenda kwao usiku walipokuwa wamelala, akawafundisha kilicho bora kuliko mtumishi: Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33, na Allahu Akbar mara 34, kabla ya kulala. Ni hadithi sahihi, na aliyeijaribu anajua utulivu uliomo. Lakini nimeona jinsi inavyotumiwa. Mama akisema hana msaidizi, anaambiwa, "Lete tasbihi," na mazungumzo yakaisha.

Yafaa ikumbukwe kwamba walifundishwa wawili, mume na mke pamoja. Sayyidna Ali ndiye anayeisimulia, naye alisema kwamba tangu siku hiyo hakuuacha uradi huo, hata usiku wa vita vya Siffin. Basi anayemkumbusha mkewe tasbihi, yake iko wapi? Na ikumbukwe pia kwamba Bi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ulipofika akatoka kwenda kusali. Imepokewa vile vile kuwa akishona nguo yake na viatu vyake. Haiwezekani tuuchukue uradi tukauacha ushonaji, ilhali vyote vimetoka kwa mtu mmoja. Mwenye kusema "Mungu atakusaidia" huku mikono yake ni mizima, huenda yeye ndiye msaada uliotumwa, na hajaondoka kitini.

Hata katika fasihi yetu tumechagua kipande tukipendacho. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya bintiye Mwana Hashima. Umesomeshwa pwani yote kwa mashauri yake, hasa yale ya kumtii mume, na wasichana wengi wamefikiri kwamba utendi umekwisha hapo. Haukwisha. Baada ya mashauri inakuja sehemu ndefu ya dua, ambamo anajiombea, anawaombea wanawe na jamaa zake, na kuwakabidhi wote kwa Mola. Mtazame mama huyo kama mama. Anajua huenda hatamwona binti yake katika maisha yake ya ndoa, hatakuwapo kumwambia usifanye hili, fanya lile. Alichoweza kumpa alimpa kwa maneno, kisha akayageuza maneno yake kwa mwingine. Nadhani kwa ajili ya sehemu hiyo ya pili, kuliko ile ya kwanza, angestahili kusomwa na kila mama mwenye mtoto anayekua.

Maana mizigo mizito ya wakati wetu si ya vyombo na futari. Tangu miaka ya 1980 heroini imeingia mitaani mwetu, na ziko nyumba, Mombasa na Malindi na Lamu, ambazo mama hulala na mkoba chini ya mto wake kwa kumwogopa kijana aliyemzaa. Mwingine binti yake yuko Saudi Arabia kwa kazi ya nyumba, na mama amebaki na wajukuu wawili na simu ambayo hulia ikipenda. Kwa mama kama huyu neno tawakali si pambo, na sipendi kumwona akipewa kwa wepesi kama anayepewa pole ya mafua.

Kwake pia ile hesabu ya wakili inafaa. Mwenye kijana wa unga ana hati za kupeleka: kumtafutia matibabu (dawa ya methadoni ilianza kutolewa pwani mwaka 2015, na wako waliopata nafuu kwayo), kutomfungia mlango wa maneno, kuwaita wajomba na baba zake wadogo wakae naye badala ya kulificha jambo kwa kuona haya. Mwenye binti ugenini ana zake: nakala ya pasi na ya mkataba aziweke, jina na mahali pa wakala aliyempeleka alijue, na siku za kupigiana simu ziwe na ahadi. Yakishafanywa hayo, kijana kuacha au kutoacha, binti kuangukia kwa tajiri mwema au muovu, hayamo mikononi mwa mama, hata akikesha mwaka mzima. Na kwa kuwa hayamo, ndipo wengine, kwa uchungu, hukimbilia ramli na kombe, wakatoa hata dhahabu zao za harusi. Nisemalo hili si kwa kuwacheka. Lakini huyo ndiye yule wakili wa pili, na ada yake ni kubwa.

Jambo moja ningependa makhatibu wetu walitazame. Khutba za tawakali zimekuwa nyingi, nazo huzungumza na mfanyabiashara aliyepata hasara na msafiri aliyekatikiwa na njia. Mama aliye nyumbani, anayeisikia khutba kwa kipaza sauti huku amemshika mtoto na mwiko, huisubiri ile yake. Iko Bi Hajar, iko mama yake Musa. Zitolewe, na hadithi ya Bi Fatuma ikitolewa, na itolewe pamoja na ile ya Bi Aisha, kwa sababu wanaokaa safu ya mbele ndio wanaohitaji kuisikia.

Na kwa akina baba ambao hulisoma gazeti kwanza kabla ya kuwapa wake zao: mwenye mkokoteni kwa kawaida hupita saa kumi na moja za alfajiri, na mitungi mitupu iko nyuma ya mlango.